Miiko Iliondoka Kwanza, Vyama Vikaja Baadaye: Kisa cha Tanzania, 1991 na 1992

Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema nchi hii ni "ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi vya siasa." Hayo ya vyama vingi yaliingizwa 1992. Neno "kijamaa" halikuguswa. Kwa hiyo aliyenunua hisa za benki asubuhi ya leo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa mujibu wa sheria mama, kazinunua ndani ya nchi ya kijamaa. Ukisonga hadi Ibara ya 9 unakuta serikali inatakiwa ihakikishe uchumi hauendeshwi kwa njia zitakazolimbikiza mali au njia kuu za uchumi kwa watu wachache binafsi. Kisha rudi Ibara ya 7, usome kwamba hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama serikali imeyatekeleza hayo au la.

Wengi wakifika hapo hucheka, wakasema ni masalia ambayo watu walisahau kuyafuta. Mimi sioni usahaulifu. Mwaka 1992 Ibara ya 3 ilifunguliwa, ikaandikwa upya, ikafungwa, na ujamaa ukabaki ndani. Ibara hiyo ni kumbukumbu ya namna taifa hili lilivyoingia kwenye ubepari na kwenye ushindani wa vyama kwa milango miwili tofauti, kila mmoja ukiwa na mlinzi wake, bila wananchi kupata siku moja ya kuyajadili yote mawili kwa pamoja.

Milango yenyewe ni hii. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi iliyokuwapo tangu 1967, yaani makatazo ya kiongozi kujihusisha na biashara. Miezi hiyo hiyo ya mwanzo wa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi: tuendelee na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Kabla ya katikati ya 1992 Katiba ilikuwa imebadilishwa na Sheria ya Vyama vya Siasa imetungwa. Hoja yangu katika kisa hiki ni ya mpangilio. Kilichoondolewa kwanza, tena kimyakimya, ndicho kilichokuwa kinahitajika zaidi pale vyama vilipofunguliwa.

Arusha ilisema nini hasa

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala kabla ya CCM, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Watu hulikumbuka kwa mabenki, yaliyotaifishwa siku iliyofuata. Lakini ndani yake, mahali linapoieleza siasa ya ujamaa, kuna kifungu chenye kichwa "Kuna Demokrasia", na naona ndicho kisichosomwa kuliko vyote. Hoja yake ni kwamba serikali kumiliki viwanda, ardhi na mabenki hakuifanyi nchi kuwa ya kijamaa. Lazima serikali yenyewe iwe imechaguliwa na inaongozwa na wakulima na wafanyakazi. Mfano uliotolewa ni wa Rhodesia na Afrika Kusini ya wakati ule: serikali za kibaguzi zikitaifisha kila kitu, kitakachopatikana ni dhuluma iliyokomaa.

Kwa hiyo mwaka 1967 mawazo ya kisiasa ya taifa hili yaliifunga demokrasia na umiliki wa mali kwa kamba moja. Kamba hiyo ilikuwa miiko. Kiongozi wa TANU au wa serikali lazima awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi alihesabiwa pamoja na mke wake, au mume wake, ili watu wasije wakaandikisha duka kwa jina la mama watoto wakadhani wamemaliza. Wabunge, mawaziri, madiwani, wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu wote waliingia humo.

Unaweza kuipinga miiko hiyo kwa sababu nyingi. Lakini ilikuwa na nadharia ndani yake: anayeshika dola asiwe na biashara itakayomfanya aitumie dola hiyo kujitafutia. Tangu iondoke haijapata mrithi wa kiwango hicho.

Nusu iliyokuwa pungufu

Itakuwa uongo kuishia hapo, maana nusu ya pili ya Azimio, ile ya demokrasia, ilikuwa na matundu tangu mwanzo. Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu 1965. Ndani ya chama hicho wapiga kura walikuwa na nguvu kiasi. Uchaguzi wa 1965 uliwapa wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa kule Mwanza. Waziri wa Fedha kuangushwa na watu wa jimboni kwake si jambo dogo. Zipo nchi za vyama vingi ambazo hazijawahi kuliona. Kisichopigiwa kura ni sera. Mbunge mliweza kumng'oa, kijiji cha ujamaa hamkuweza.

Hata wale walioishika sera yenyewe kwa mikono yao walipata shida. Ruvuma, kuanzia Litowa, kulikuwa na vijiji vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja kwa hiari, waliamua mambo yao kwenye mikutano yao na walikuwa na shule yao. Nyerere mwenyewe aliwapenda. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Vijiji vilivyojiendesha vyenyewe havikumhitaji sana afisa wa chama kutoka mkoani, na hilo halikusameheka. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa ni amri.

Mijini ilikuwa vivyo hivyo. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno, makuu na udhalimu. Wafanyakazi viwandani walikikariri kifungu hicho, wakakitumia. Mameneja wakafungiwa nje ya mageti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe, na dola ikawaondoa. Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimemezwa tangu 1964 NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi cha taifa, ilipoanzishwa. Vyama vya ushirika vya wakulima vikafutwa 1976.

Haya nayataja kwa sababu yanaeleza kilichotokea baadaye. Kwingineko duniani, pale demokrasia ilipofanikiwa kuubana mtaji, haikuubana kwa karatasi ya kura peke yake. Iliubana kwa vyama vya wafanyakazi vyenye mifuko yao ya mgomo, kwa ushirika wenye maghala yake, kwa halmashauri zenye kodi zake. Sisi vyombo hivyo tulivivunja tukiwa bado wajamaa. Mtaji uliporudi haukukuta mtu wa kupatana naye.

Njia ya kuelekea Zanzibar

Miaka ya 1980 haihitaji maelezo marefu kwa aliyeiishi: foleni ya sukari kwenye duka la kaya, sabuni kwa kibali, mlanguzi aliyekuwa na kila kitu kwa bei yake. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na madukani vitu vikaonekana. Nyerere aliondoka Ikulu 1985, Mwinyi akaingia, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata 1986, na wananchi wakampa rais wao jina la Mzee Ruksa.

Tayari miiko ilikuwa inavunjwa kila siku. Mshahara wa mtumishi haukuweza kulisha familia, kwa hiyo kila mwenye nafasi alikuwa na "mradi": kuku wa mayai nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili wa maziwa, teksi kwa jina la shemeji. Nani angemshitaki nani? Katibu kata anayefuga kuku alikuwa anatafuta ada ya watoto. Walioutetea uamuzi wa Zanzibar walikuwa na hoja ya kweli hapa, nami naikubali: sheria inayomfanya kila mtumishi kuwa mkosaji haiwezi kumshika mkosaji mkubwa.

Lakini dawa haikulingana na ugonjwa. Mtu aliyefuga kuku angeweza kuruhusiwa kufuga kuku. Kilichofanyika ni kumruhusu waziri anunue hisa, mbunge awe mkurugenzi wa kampuni, mkuu wa shirika apangishe majumba. Aliyebanwa na njaa na aliyebanwa na tamaa walifunguliwa pingu kwa ufunguo mmoja. Tena ilitokea pale nchi ilipokuwa inakaribia kuuza mali ya umma. Mwaka 1991 sheria ilifungua mlango kwa mabenki binafsi. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ikafuata muda si mrefu, na mashirika karibu 400 yakawekwa katika orodha ya kubinafsishwa, kuunganishwa au kufungwa. Waliokuwa wanapanga bei na kuchagua wanunuzi sasa waliruhusiwa kuwa na maslahi kwenye kampuni.

Nani aliamua? Halmashauri Kuu ya chama. Hakukuwa na mjadala wa kitaifa, Bunge halikuletewa muswada, wala wanachama wa matawini hawakuulizwa. Azimio la Arusha lilitangazwa kwa maandamano. Hili la pili, ambalo wananchi waliliita Azimio la Zanzibar, lilipenya. Nyerere alikuwa ameshaacha uenyekiti wa chama mwaka 1990. Baadaye aliendelea kusema hadharani kwamba Azimio la Arusha anatembea nalo pamoja na Biblia, na hajaona palipokosewa.

Swali moja liliulizwa, jingine halikuulizwa

Kwenye vyama, mambo yalikwenda kwa utaratibu tofauti kabisa. Februari 1990 Nyerere mwenyewe, akitazama yaliyoikumba Ulaya Mashariki, aliwaambia Watanzania kwamba mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. Tume ya Nyalali ikazunguka nchi nzima, Bara na Visiwani. Ilisikiliza makumi ya maelfu ya watu.

Takwimu zake zinajulikana: takribani asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, takribani 21 walitaka vyama vingi. Wanasiasa wetu wamezitumia takwimu hizi miaka yote kudai kwamba demokrasia ni zawadi ambayo CCM iliwapa watu wasioitaka. Hilo ni kulisoma jedwali nusu. Wengi kati ya hao 77 walisema chama kimoja kiendelee lakini kirekebishwe, na marekebisho waliyoyadai hayakuwa madogo. Tume yenyewe iliorodhesha sheria 40 kandamizi zinazotakiwa kufutwa au kurekebishwa, ikapendekeza Katiba mpya na elimu ya uraia kabla ya ushindani kuanza. CCM katika mkutano mkuu maalumu wa Februari 1992 iliichukua hoja ya vyama vingi. Mengine mengi yaliachwa mezani, na sheria kadhaa kati ya hizo 40 ziliendelea kutumika miaka mingi baadaye.

Sasa weka matukio haya mawili pamoja. Mwananchi wa Kigoma aliulizwa kama anataka chama kimoja au vingi, akajibu, jibu likaandikwa, likahesabiwa, halafu likaamuliwa vinginevyo kwa sababu zilizoelezwa waziwazi. Mwananchi huyo huyo hakuulizwa kabisa kama anataka diwani wake awe mkandarasi wa barabara ya kata. La kwanza lilionekana ni siasa, likaletwa kwake. La pili likaonekana ni uchumi, likabaki kwa wakubwa. Nadhani hapo ndipo mawazo yetu ya kisiasa yalipopasuka: tukaanza kuizungumzia demokrasia kama habari ya uchaguzi, na ubepari kama habari ya maendeleo.

Vyama bila ugomvi wa uchumi

Matokeo ya kwanza yalionekana kwa wapinzani wenyewe. CHADEMA ilianzishwa 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu Uwaziri wa Fedha 1979 baada ya kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika nchi ambayo chama tawala bado kingekuwa cha kijamaa kwa vitendo, Mtei angekuwa na hoja kubwa ya kuuza: soko huria. Lakini CCM ilikuwa imeshaichukua hoja hiyo mwaka mmoja kabla, bila hata kubadili jina la siasa yake kwenye katiba ya chama. Kulia hakukuwa na nafasi, kushoto nako hakukuwa na mtu, maana waliotaka kurudi Arusha walibaki ndani ya CCM wakiimba nyimbo za Arusha.

Uchaguzi wa 1995 ulikuwa na wagombea urais wanne. Benjamin Mkapa alipata karibu asilimia 62, Augustine Mrema karibu 28, na kura za Mrema zilitokana na sifa yake ya kupambana na rushwa akiwa waziri wa CCM. Hakuleta mpango tofauti wa uchumi. Aliyezungumzia pesa waziwazi ni John Cheyo wa UDP, mfanyabiashara aliyeahidi kuwajaza watu mapesa mifukoni, jina la "Mapesa" likamganda. Alipata kama asilimia 4. Watu walimcheka, lakini kwa ukweli wa kauli aliwazidi wenzake: alisema alichokuwa anakitaka.

Pasipo ugomvi wa sera, hasira ya wananchi ilitafuta pa kwenda. Kwanza ilikwenda kwenye rangi. Mchungaji Christopher Mtikila aliwakusanya "walalahoi" dhidi ya "magabachori", yaani wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na mjadala wa uzawa ukaibua swali la nani hasa anafaidi ubinafsishaji, ukalijibu kwa kutazama ngozi ya mnunuzi badala ya masharti ya mauzo. Baadaye ikaenda kwenye ufisadi. Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya majina ya aliowatuhumu kwa ufisadi. Siku hiyo ndiyo iliyokiweka chama chake kwenye ramani, na tangu hapo siasa za upinzani zikawa za nani kaiba. Si kwamba wizi haukuwapo. Shilingi bilioni 133 zilizotoka akaunti ya madeni ya nje (EPA) ya Benki Kuu si hadithi. Lakini swali la nani kaiba haliwezi kuchukua nafasi ya swali la nani aruhusiwe kumiliki nini akiwa ofisini.

Kuna upande wa pili ambao wajamaa wenzangu hawapendi kuusikia. Bila mtaji binafsi wapinzani wasingesikika hata kidogo. Redio ilikuwa ya serikali, magazeti ya kila siku yalikuwa ya chama na serikali. Radio One na ITV za Reginald Mengi zilianza 1994, magazeti binafsi yakamiminika miaka hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mtwara alimsikia mpinzani akiongea bila kukatwa. Fedha ya mtu binafsi ilifanya kazi ambayo dola ilikataa kuifanya. Hilo linathibitisha tu kwamba soko na kura hukutana mahali pengi, na kila wanapokutana panahitaji kanuni.

Kanuni zilipotafutwa mahakamani

Kwa kuwa chama na Bunge havikulijibu swali la fedha, majaji walilazimika. Aliyeshindwa uchaguzi wa 2000 akitaka kufungua kesi alitakiwa kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kwanza. Julius Ndyanabo alilipinga sharti hilo, na Mahakama ya Rufani ikalifuta kwa sababu linaifanya haki kuwa ya wenye fedha. Kisha takrima. Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 na kuruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa desturi ya ukarimu wetu. Pilau, kanga, vijisenti vya soda, vyote vikaitwa mila. Asasi tatu za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatupwa: vinawabagua wagombea maskini, na haiwezekani kuuona mpaka kati ya takrima na rushwa. Hukumu hizi mbili ni fikra bora kuhusu uhusiano wa mtaji na kura kuliko ilani yoyote ya chama niliyoisoma.

Bunge nalo lilileta Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, kisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Ya 1995 ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha miiko. Tofauti yake na ile ya 1967 ni rahisi kuielewa: zamani kiongozi alikatazwa kuwa nacho, sasa anatakiwa atamke anacho. Fomu inajazwa kila mwaka, inapelekwa Sekretarieti ya Maadili, na mwananchi anayetaka kuiona anawekewa masharti. Rais Jakaya Kikwete alipendekeza mwaka 2008 kwamba anayetaka siasa aachane na biashara, au achague biashara aachane na siasa. Makofi yalikuwa mengi, sheria haikuja.

Neno lenyewe, "miiko", lilirudi kwenye maandishi rasmi mwaka 2013. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imezunguka nchi kama ile ya Nyalali, safari hii ikiuliza kila kitu, na rasimu yake ikaweka sura nzima ya maadili na miiko ya uongozi. Kwa mara ya kwanza tangu 1991 wananchi waliulizwa kuhusu kura na kuhusu mali ya viongozi katika kikao kimoja, na walijibu. Bunge Maalumu lilimaliza kazi yake 2014 likiwa limeibadilisha rasimu hiyo katika mambo mazito, wapinzani wakiwa wameshatoka ukumbini. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Daftari la wapiga kura halikuwa tayari, ikaahirishwa, na tarehe nyingine haijatangazwa.